"Data yenu imesimbwa." Sawa, ufunguo anao nani?

1/ Kila mjadala wa kitambulisho cha kidijitali ukipamba moto, kuna afisa atasimama aseme: "Msijali, data yenu imesimbwa." Makofi, mjadala umeisha. Mimi nasomea sayansi ya siasa, si kompyuta, lakini hilo ni nusu ya jibu. Uzi 🧵

2/ Kusimba ni kugeuza jina, nambari na alama zako za vidole kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo, yaani siri ndefu ya kidijitali. Mwizi akibeba data bila ufunguo, amebeba takataka. Akiupata, amebeba kila kitu.

3/ Sasa, ufunguo nao lazima ukae mahali. Ukikaa kwenye seva ile ile ya data, ama uandikwe ndani ya programu yenyewe, ni kama kufunga nyumba kisha unaacha ufunguo juu ya fremu ya mlango. Kila mwizi anajua pa kupapasa.

4/ Njia bora zipo. Kuna vifaa maalum vya kutunza funguo: kazi hufanyika ndani ya kifaa, ufunguo hautoki. Anayesimamia data hasimamii funguo. Kila matumizi yanarekodiwa. Na ufunguo mkuu hugawanywa, mtu mmoja asiweze kuutumia peke yake. Sanduku la chama lenye kufuli tatu mnalijua.

5/ Mbona hii ni siasa? Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43. Data ikivuja na kuna hatari ya madhara, Kamishna wa Data anafaa kuarifiwa ndani ya saa 72, na wewe pia uambiwe. Lakini taasisi inaweza kukosa kukuambia kama iliweka ulinzi ufaao, na usimbaji umetajwa hapo. Je, kama ufunguo uliibwa pamoja na data? Kwangu, huo si ulinzi ufaao. Nenosiri utabadilisha, vidole hubadilishi.

6/ Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa kutoa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa data haikufanywa kwanza. Tathmini kama hiyo ndiyo mahali pa kuuliza kuhusu funguo, kabla vidole havijachukuliwa.

7/ Kwa hivyo mkikutana na afisa kwenye kikao cha maoni ya umma, muulizeni: Nani anatunza ufunguo? Nani anamkagua? Ukiibwa, mtatuambia? Akisema ni siri ya usalama, mwambieni hatutaki ufunguo. Tunataka kujua utaratibu.