Fidia ya Madhara ya Chanjo: Chagua Njia Kwanza, Wakili Baadaye

Mzazi wa Mbagala au Tegeta ambaye mwanawe ameumwa vibaya baada ya kuchanjwa huanza kwa kuuliza atampata wapi wakili. Kuna swali linalotangulia hilo: utadai kwa njia ipi? Njia ndiyo inayopanga gharama. Ipo isiyohitaji wakili kabisa, na ipo inayoweza kumeza fidia yote kabla haijafika mkononi.

Madhara makubwa ya chanjo ni nadra, na chanjo zinaokoa watoto wetu kila siku. Lakini yule mmoja aliyepatwa ameumia katika jambo lenye faida kwa wote. Si haki afilisike akidai haki yake. Hapa tunalinganisha njia zilizopo, gharama zake, na namna ya kujua kama ada ya wakili ni ya haki.

Njia ya kwanza: kutoa taarifa

Gharama yake ni nauli tu. Rudi kituo ulikochanjiwa, iwe zahanati ya mtaani, Hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, ukiwa na kadi ya kliniki au cheti cha chanjo. Omba madhara yaandikwe na taarifa ipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Hakikisha jina la chanjo, toleo lake na tarehe vimeandikwa. Ukiamini mhudumu alizembea, unaweza kulalamika pia kwenye baraza la taaluma yake, Baraza la Madaktari Tanganyika likiwa mojawapo.

Njia hii haileti fidia, lakini inaleta karatasi, na bila karatasi hizo hata wakili hodari atabaki na maneno matupu. Kwa hiyo usimlipe mtu kwa kazi ya kukusanya nyaraka unazoweza kuziomba mwenyewe.

Njia ya pili: mfuko usiotafuta mkosaji

Tanzania iliwahi kuwa ndani ya mpango wa aina hii. Chanjo za korona za Johnson & Johnson zaidi ya milioni moja zilipofika Dar es Salaam Julai 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, zilikuja na kinga ya mpango wa fidia uliofunguliwa mwaka huohuo kwa nchi 92 zenye kipato cha chini na cha kati. Mdai hakutakiwa kuthibitisha uzembe wa yeyote. Alijaza fomu, akaambatanisha maelezo ya daktari, na kuomba bila ada.

Malipo yalikokotolewa kwa kuzidisha pato la taifa kwa kila mtu mara 12, kisha mara kiwango cha madhara. Pato letu mwaka 2021 lilikuwa takribani dola 1,100, hivyo kwa kiwango cha moja kamili hesabu inafika kama dola 13,000. Ukipokea, umefunga mlango: malipo yale ni ya mwisho, huwezi tena kushitaki kwa dai lilelile. Na mpango ulihusu chanjo za korona zilizogawiwa na COVAX peke yake. Mtoto aliyepata madhara ya chanjo ya surua hakuhusika.

Njia ya tatu: mahakama

Hapa ndipo gharama zinapopanda. Chanjo nyingi hutolewa na vituo vya serikali na halmashauri, na kuishitaki serikali kuna masharti yake: kwanza notisi ya siku 90, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3. Ni lazima uthibitishe kosa la mhudumu na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara, jambo linalohitaji daktari bingwa wa kutoa ushahidi. Ukishindwa, unaweza kuamriwa ulipe gharama za upande wa pili.

Ongeza siku za kazi zinazopotea na nauli ya Mbagala hadi Kivukoni kila kesi inapotajwa. Kama mhusika amefariki, familia itahitaji kwanza msimamizi wa mirathi.

Ada ipi ni ya haki?

Marekani ina jibu linalofaa kuangaliwa. Sheria yake ya mwaka 1986 iliunda mfuko unaochangiwa na ushuru wa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga. Mfuko humlipa aliyeumia, na humlipa wakili wake pembeni, bila kugusa fidia. Kipimo ni saa za kazi zilizohitajika kweli, mara bei ya saa inayolingana na uzoefu wa wakili na soko la eneo lake. Saa zilizotiwa chumvi hukatwa. Hata mdai akishindwa, wakili anaweza kulipwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Na ni marufuku kumdai mteja nyongeza. Nchi hiyohiyo ikaweka chanjo za korona kwenye mpango mwingine usiolipa mawakili, na huko mdai hujitegemea au humlipa wakili kutoka mfukoni mwake.

Kwetu, Kanuni za Malipo ya Mawakili za mwaka 2015 ndizo dira. Ukishinda na mahakama ikakupa gharama, una siku 60 kuwasilisha ankara yako ili ofisa wa mahakama aikadirie. Ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, unapoteza gharama za zoezi lile la ukadiriaji. Asiyeridhika ana siku 21 kwenda kwa jaji. Tunza risiti zote, lakini usitegemee kurudishiwa kila shilingi uliyomlipa wakili wako.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakili wa kwanza anataka milioni 3 kwa kesi nzima. Wa pili anataka laki 5 za kufungua jalada, na laki 1 kila anapokwenda mahakamani. Wa pili anaonekana rahisi, na ni rahisi kweli kesi ikiisha mapema. Lakini safari zikifika 25, bei zimelingana. Zikifika 30, umelipa milioni 3 na nusu, na huenda katika nyingi ya safari hizo kesi iliahirishwa tu. Ukichagua malipo ya kila safari, weka ukomo wa jumla kwa maandishi. Uliza pia kama bei imejumuisha VAT, ada za mahakama na malipo ya daktari shahidi, na kama rufaa inahesabiwa kuwa kazi mpya.

Anayekwambia "tutagawana fidia", usisaini hapohapo. Nusu ya milioni 20 ni milioni 10 za matibabu ya mwanao. Nchini Kenya, Sheria ya Mawakili inabatilisha kabisa makubaliano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda. Na kabla ya kumlipa yeyote, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, vishoka wapo.

Kwa asiye na uwezo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi ya msaada Kinondoni, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake na watoto. Asiyemudu ada za mahakama anaweza kuomba ruhusa ya kushitaki kama maskini.

Ushauri wetu

Kama ilikuwa homa na uvimbe vikapona, toa taarifa uishie hapo. Kama kuna ulemavu wa kudumu au kifo, kusanya nyaraka, pata maoni ya daktari asiyehusika, kisha uende kwenye msaada wa bure kabla ya wakili wa kulipia. Mahakama Kuu iwe kwa mwenye ushahidi wa uzembe na mkataba wa ada wenye ukomo.

Na wabunge wetu wana la kufanya: Tanzania inahitaji mfuko wake wa fidia kwa chanjo zote, utakaolipa pia ada ya wakili iliyo ya haki. Taifa linapomwomba mama amlete mwanae achanjwe kwa ajili ya wote, gharama za kudai pale mambo yanapoharibika ziwe za wote pia.