Mtoto wa mchimbaji anataka kusoma nyota

Wandugu, juma lililopita mwenzetu mmoja wa shimo alikuja kwa ofisi ya sendika: «Delege, mtoto amemaliza fizikia kwa iniversite, sasa anataka kusoma nyota. Hiyo ni kazi?» Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hata shaba tunayochimba ilipikwa ndani ya nyota kubwa, kabla dunia haijakuwa.

Masomo yenyewe yako. Kuna masta ya astrofizikia inayoitwa MASS. Iniversite 4, za Roma (Tor Vergata), Belgrade, Bremen na Nice, zinafundisha pamoja miaka 2, mwanafunzi anahama inchi kwa inchi. Wanafundisha kwa Kingereza, si Kifaransa. Hapo watoto wetu wengi wanakwama. Anayechaguliwa kwa msaada wa Erasmus Mundus halipi masomo, na anapata euro 1.400 kila mwezi. Lakini nafasi ni kidogo, wanaoomba wanatoka dunia yote.

Sasa, baba huyo alikuwa amekwisha kutoa makuta kwa mtu mmoja wa mjini, eti nafasi inauzwa. Haiuzwi! Mtoto mwenyewe anatuma karatasi zake: diploma, pointi, barua za walimu. Tulimwambia baba adai makuta yake. Mpaka leo anazungushwa. Mtoto, yeye, ameanza Kingereza kila mangaribi.