Mkono Usiohisi Moto Haujarogwa

Shangazi yangu amekaanga mahamri tangu mimi sijaanza shule. Mwaka mmoja tukaanza kumwona na malengelenge vidoleni, naye hajui aliungua saa ngapi. Akigusa leso, anajua ameshika leso. Akishika karai la moto, hahisi kitu. Mtaani maneno hayakukawia: huyu anasema jini, yule anasema ukoma. Akasomewa, akanywa kombe, na ganzi ikazidi kupanda hadi mabegani.

Miaka miwili baadaye, kipimo cha MRI kilitoa jibu: siringomielia. Huu ni ugonjwa adimu wa ugwe mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Ubongo na ugwe huo huzungukwa na maji. Maji hayo yakizuiwa njia, huweza kujikusanya na kufanya tundu refu ndani ya ugwe wenyewe. Neva za maumivu na joto huvuka katikati ya ugwe, kwa hivyo tundu likitanuka, hizo ndizo huharibika kwanza. Za kugusa hupita kwingine, zikasalimika. Ndiyo siri ya leso na karai.

Mara nyingi chanzo ni maumbile: sehemu ya chini ya ubongo hushuka kuelekea shingoni, hali iliyopewa jina la daktari Hans Chiari, aliyeieleza mwaka 1891. Wengine huupata baada ya kuumia mgongo, kuota uvimbe au kuugua homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi.

Dalili nyingine ni mikono kukonda na kukosa nguvu, miguu kukakamaa, na maumivu ya kisogo mtu akikohoa.

Kinachoniuma ni ile miaka miwili. Upasuaji wa kuyafungulia maji njia mara nyingi huuzuia ugonjwa usiendelee, lakini hisia zilizokwisha kupotea aghalabu hazirudi. Shangazi alipasuliwa, na ganzi haikupanda tena. Vidole vyake, hata hivyo, havijui moto mpaka leo. Mjukuu ndiye humjaribia maji ya kuoga.

Sikatazi dua, ndugu zangu. Mtume (SAW) alituombea na pia akatuhimiza tujitibu. Ukimwona mtu anaungua bila kujua, msomee, kisha asubuhi mpeleke hospitali.