NANI ATASIMAMA, NA NANI ATAPIGA KURA?

Uchaguzi mkuu ukaribiapo, barazani Mji wa Kale, Mombasa, watu huulizana: nani atasimama? Lakini liko swali kubwa zaidi: nani ameandikwa daftarini?

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wanane wa Legco kwa mara ya kwanza, mwenye elimu au mali aliweza kupata hata kura tatu. Wengi hawakupata hata moja. Pwani ilimchagua Mwalimu Ronald Ngala.

Siku hizi elimu wala mali haziongezi kura. Raia aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha hupewa karatasi sita, kuanzia ya Rais hadi ya mjumbe wa wadi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kubashiri mshindi, hakikisha jina lako limo daftarini. Maneno ya barazani hayahesabiwi, huhesabiwa kura.