Nane Nane Haina Sifuri

Muulize mkazi yeyote wa Mpanda Nane Nane ni lini. Atakujibu: tarehe nane, mwezi wa nane. Katika mkoa wa Katavi, wenye wakulima wengi wa mahindi, mpunga na tumbaku, hakuna asemaye "sifuri nane, sifuri nane". Lakini barua ya mwaliko wa sikukuu hiyo ya wakulima ikichapwa kwa kompyuta, tarehe yaweza kutoka 08/08/2024, na msomaji akaona kama anasoma risiti.

Sifuri hiyo haikuwekwa bure. Namba ya kitambulisho cha NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 1 Novemba 1990 huanza na 19901101, na wa tarehe 11 Januari huanza na 19900111. Zikiondolewa sifuri, wote wawili wanakuwa 1990111. Majalada nayo ni hivyo hivyo. Mkoa wa Katavi ulizaliwa Machi 2012. Faili likiitwa 2012-3, kompyuta inayopanga kwa herufi italiweka nyuma ya 2012-10.

Barua, hata hivyo, inasomwa na binadamu, na binadamu anastahili 8/8/2024.

Njia mojawapo ya kulitatua hilo ipo ndani ya Vim, programu ya bure ya kuhariri maandishi iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Ukanda wetu una uhusiano nayo: Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na hadi leo Vim huwaomba watumiaji wake wawasaidie watoto wa huko. Yeye alifariki Agosti 2023.

Vim ina lugha yake ya skripti, na ndani yake amri strftime() ndiyo huandika tarehe. Ukiipa '%d/%m/%Y', inaleta sifuri. Kwenye Linux, '%-d/%-m/%Y' huiondoa. Kwenye Windows alama ya kistari hubadilika kuwa #, yaani '%#d/%#m/%Y', kwa sababu Vim huiachia kazi hiyo mfumo wa kompyuta wenyewe. Ndiyo maana skripti iliyoandikwa kwenye mashine moja yaweza kuharibika kwenye nyingine.

Anayetaka skripti moja ifanye kazi kote, achukue tarehe yenye sifuri kisha aichuje:

substitute(strftime('%d/%m/%Y'), '\<0', '', 'g')

Uzito wote uko kwenye alama \<, inayomaanisha mwanzo wa neno. Bila hiyo, amri ingefuta kila sifuri inayokutana nayo, na 10/10/2020 ingegeuka 1/1/22, kosa baya kwenye mkataba wa shamba au hati ya mauziano. Kwa hiyo, kabla ya kuitumia kwenye barua za watu, ijaribu kwa tarehe hiyo hiyo ya 10/10/2020. Ikibaki ilivyo, itumie.