Tundu katika Shilingi ya Simba

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini je, akiba iliyotobolewa tundu nayo ni akiba bado? Swali hili lilinijia nikiwa Katilu, katika nchi ya Waturkana, mbali na harufu ya bahari niliyoizoea.

Nilikwenda huko kumjulia hali mpwa wangu, ambaye ni mwalimu. Kutoka Kitale gari huteremka milima hata ukafika Kainuk, na hapo jua hukupokea kwa mikono miwili. Katilu imekaa kando ya Mto Turkwel, penye mikoma na migunga, na mashamba yanyweshwayo kwa mifereji ya mradi.

Jioni moja tulimzuru ajuza mmoja jirani yake. Shingoni alivaa shanga tabaka juu ya tabaka, na katikati ilining'inia shilingi. Mimi hukusanya sarafu za kale tangu ujana, na jicho langu halikukosea. Ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952: upande mmoja simba na milima nyuma yake, upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita, aliyefariki mwaka huo huo. Juu ya mgongo wa simba palikuwa na tundu.

Msomaji asidhani nazungumzia zile senti zetu za zamani zilizozaliwa na matundu. Hizo zilitobolewa kiwandani tangu mwaka 1907. Tundu liliokoa madini, likamsaidia mtu kuzitambua gizani kwa kidole, tena aliweza kuzitunga uzini asizipoteze. Na kwa kuwa katikati hapakuwa na nafasi ya uso wa mfalme, liliandikwa jina lake tu. Ndiyo maana twaziona senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekiacha kiti kabla hata ya kutawazwa. Mambo kama haya ndiyo yatutiayo wazimu sisi wakusanyaji. Hata herufi ndogo ina habari yake: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, SA ni Pretoria.

Bali tundu la yule ajuza lilikuwa la mkono wa mtu, nalo kwa wakusanyaji ni kilema. Sarafu iliyotobolewa bei yake huanguka mara moja. Hata hivyo watu wametoboa sarafu tangu zamani. Pasipo benki, mwanamke alivaa mali yake mwilini, akahama nayo. Reale za Maria Theresa, zote zenye mwaka 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, zilitiwa vikuku na kuvaliwa Uhabeshi, Yemeni na Omani. Na hapa pwani nani asiyeijua pauni ya dhahabu kifuani mwa bibi harusi? Wengine huzitundika wakiamini zakinga jicho. Hilo sisi twajua hukumu yake, kwani mwenye kukinga ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Basi nikamwambia mpwa wangu amwulize yule bibi kama ataiuza. Nilitaja bei nzuri, nikaongeza. Ajuza alicheka, kisha akaeleza, na mpwa wangu akafasiri. Mumewe alikuwa kibarua wa kuchimba mifereji ilipoanza, na shilingi ile ilitoka katika ujira wake wa kwanza. Mali waliyoijua kabla ya hapo ilikuwa mbuzi na ngamia. Usiku ule ule mume aliitoboa kwa msumari na jiwe.

"Kwa nini aliiharibu?" nikauliza.

"Hakuiharibu," akajibu. "Isingetobolewa, ingekwenda dukani ikawa sukari. Yenye tundu mwenye duka haitaki. Kwa hiyo imebaki."

Nilinyamaza. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu zake yenyewe, na baadaye shilingi za simba zikaondolewa sokoni. Walizolipwa vibarua wenziwe zimekwenda na wakati. Ya mumewe ipo, na mume mwenyewe amekwisha tangulia mbele ya haki.

Hapo nilimkumbuka marehemu mama yangu, Mungu amrehemu. Aliniachia reale moja yenye tundu, aliyoivaa siku ya harusi yake. Nami, kijana niliyejiona mjuzi, nilisema sarafu mbovu haina kazi katika mkusanyo wangu. Nikampa sonara, akanilipa uzito wa fedha tu, akaiyeyusha. Leo ninazo reale tatu safi, zisizo na mkwaruzo, na sijui hata moja ilipita shingoni mwa nani.

Sikuongeza bei tena. Nilimwomba ruhusa niishike tu, akaivua na kunipa. Tundu lilikuwa limelainika pembeni kwa kusuguliwa na uzi miaka yote hiyo.

Nawe msomaji, kabla hujapeleka kwa sonara sarafu ya bibi yako yenye tundu, keti kwanza umwulize aliye hai: nani aliitoboa, na siku gani? Bei ya fedha utaambiwa dukani, lakini jibu hilo analo yeye peke yake, naye hatakaa milele.