Kivuko cha Mtoni Bila Kukata Mkulo

Ndugu wakulima wa Rangwi na Usambara yote, leo tuzungumze juu ya vivuko vya mitoni. Kivuko kikivunjika wakati wa masika, mboga zinaozea shambani na watoto hawafiki shule.

Wengi wetu tukitaka nguzo ngumu tunaufikiria mkulo. Lakini mkulo hukua polepole sana, na misitu kama Shagayu na Magamba ni hifadhi. Misitu hiyo ndiyo inayotutunzia maji; Mto Umba unaanzia milima hii hii.

Sasa, kwa nini mti huoza? Kuvu ndiyo inayoula mti, nayo huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Nguzo iliyozama yote majini huchelewa kuoza, na ubao mkavu hauozi. Panapooza upesi ni pale maji yanapopanda na kushuka, na pale nguzo inapoingia ardhini.

Basi, hapo msiweke mti. Jengeni kingo zote mbili kwa mawe na saruji, msingi ushuke mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu, na mawe yapande kupita alama ya mafuriko. Juu yake ndipo mlaze nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, kama zile za umeme. Dawa huingia sehemu ya nje tu, haifiki moyoni. Kwa hiyo msizichonge. Mkikata ncha, ipakwe dawa tena. Acheni nafasi kati ya mbao za kukanyagia ili maji yachuruzike. Mabaki msiyachome jikoni, maana dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, nayo ni sumu.

Je, mkaratusi tuupande wapi? Si kando ya mto, kwani hunywa maji mengi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo acheni majani na miti ya asili ishike udongo.

Palipo na mawe mengi, lipo jambo jingine. Huko Kigoma TARURA wamejenga madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, yasiyohitaji nguzo za mti. Kabla ya kuanza kazi, mwoneni mhandisi wao wilayani, kwani mto haujaribiwi.

Kila masika yakiisha, kikagueni kivuko chenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.